Mama wa Zoni na Fishi ya Jioni

Mwaka wangu wa kwanza katika kituo cha afya nilijifunza kuandika uongo, na aliyenifundisha alikuwa mtu mwema. Alikuwa mwuguzi aliyenitangulia pale kwa miaka mingi, mwanamume mpole aliyejua kumshika mtoto hata sindano ikapita kabla hajaanza kulia. Kituo chetu kilikuwa Kolwezi, pembeni ya Kasulo, mahali ambapo ukiingia uani kwa mtu unatazama kwanza unapokanyaga, kwa sababu chini kumechimbwa. Siku yangu ya kwanza alinionyesha frigo, yaani jokofu la chanjo, kipimajoto kilichokuwa ndani, na fishi iliyobandikwa mlangoni. Fishi hiyo ilikuwa karatasi yenye siku zote za mwezi. Kila asubuhi na kila jioni mtu asome digrii za frigo na kuziandika katika nafasi yake. Chanjo hutaka kukaa kati ya digrii mbili na nane. Ikipata joto inaharibika, na nyingine zikiganda zinaharibika vilevile.

"Andika ine asubui, andika ine mangaribi," aliniambia, yaani nne asubuhi na nne jioni. "Ile karatasi iko ya zoni. Haiko ya mugonjwa."

Zoni ni ofisi ya afya inayosimamia vituo vyote vya upande wetu. Kila mwezi ilikusanya fishi zetu, na sisi tulidhani zinawekwa kabatini na kusahauliwa. Nilicheka pamoja naye. Baada ya miezi michache alipata kazi Fungurume akaondoka, nami nikabaki na frigo yake na desturi yake.

Sikuwa mvivu. Nasema hivyo si kwa kujitetea, bali kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifika mapema, nikafagia chumba cha sindano kama mfagiaji amechelewa, nikapima watoto, nikasikiliza akina mama waliotoka kuosha madini mtoni wakiwa na viganja vilivyopasuka. Lakini fishi niliijaza kwa wakati wangu. Mara nyingine niliandika siku tatu kwa mpigo. Mara nyingine, asubuhi, niliandika na ya jioni kabisa, ili nisirudi tena pale.

Katika msimu mmoja wa mvua umeme ulikatika sana. Jumatatu moja nilikuta frigo imezimika, na ndani kuna vuguvugu. Nikaogopa. Umeme uliporudi nikazungusha kitufe cha baridi hadi mwisho, nikiwaza kwamba nitakirudisha mahali pake mchana. Mchana akaletwa mtoto mwenye degedege la malaria, na baada yake mwanamke aliyejifungulia mlangoni kwetu, na kitufe kikatoka kichwani mwangu. Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo, nikachanja. Alhamisi iliyofuata nikachanja tena. Kwenye fishi, siku zote hizo, niliandika nne.

Ijumaa, siku moja baada ya Alhamisi hiyo ya pili, alikuja yule ambaye watu wote walimwita Mama wa zoni.

Alikuwa mwuguzi wa zamani aliyefanywa msimamizi: kazi yake ilikuwa kuzunguka vituoni na kuangalia kama tunafuata kanuni. Mwanamke mfupi, mwenye kitambaa kichwani na viatu vya plastiki kwa ajili ya matope, na miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni. Nilikuwa nimesikia kwamba ni mkali. Lakini alipofika hakuuliza habari ya vitabu. Alikaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akamsalimu mfagiaji, akamuuliza takataka za sindano anazitupa wapi. Kisha akaomba maji ya kunywa, na nilipotaka kumletea chupa kutoka ofisini alikataa.

"Nipe ya ndoo," alisema. "Ile yenye bagonjwa banakunywa."

Akanywa, akarudisha kikombe, akanifuata hadi kwenye frigo. Aliitazama fishi kwa muda mrefu, miwani ikiwa puani.

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa ine, mama."

"Ya asubui ao ya mangaribi?"

"Ya asubui."

Akaweka kidole juu ya tarehe ya siku hiyo, kwenye nafasi ya jioni. Pale palikuwa na nne yangu, imeandikwa vizuri, kwa kalamu ya buluu. Nilisikia masikio yangu yakiwaka.

Hakunipigia kelele. Alifungua frigo, akasoma kipimajoto, akanipa nami nisome. Ilikuwa digrii mbili chini ya sifuri. Kwenye ukuta wa nyuma barafu ilikuwa imejengeka, na visanduku vya chanjo vilikuwa vimeshikamana nayo. Akatoa kichupa kimoja akakiyeyusha mkononi. Kutoka kwenye kisanduku cha baridi alichokuja nacho akatoa kichupa kingine cha chanjo ileile. Akavitikisa vyote viwili pamoja, akaviweka mezani, akaketi.

"Tungoje," alisema.

Tulingoja kama robo saa. Kichupa chake kilibaki cheupe sawasawa, kama maziwa mepesi. Changu kiligawanyika: juu maji safi, chini unga uliotulia.

"Hii imekufa," alisema. "Baridi iliiua. Tangu siku gani?"

Nikamweleza habari ya kitufe. Akachukua kitabu cha chanjo, akahesabu kwa kidole watoto wa Alhamisi mbili. Walikuwa ishirini na mmoja. Nilipoona anatoa karatasi ya ripoti, nilimsihi.

"Mama, nakuomba. Niko na batoto babiri. Batanifukuza."

"Labda," alisema.

"Tutupe chanjo tu. Niandike fishi mupya."

Aliacha kuandika akaniangalia, na mpaka leo naukumbuka uso wake, kwa maana haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka.

"Kama mi naficha yako leo, karatasi yangu itakuwa sawa na yako. Kesho nani ataiamini?"

Akaandika mpaka mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akanisomea ripoti yote, neno kwa neno, akaniuliza kama kuna kitu kisicho cha kweli. Nilisema kimoja. Alikuwa ameandika kwamba kitufe kilizungushwa kwa uzembe. Nikamwambia haikuwa uzembe, nilidhani chanjo zitaharibika kwa joto. Alifikiri kidogo, akakata neno lile, akaandika juu yake: "kwa kuogopa joto". Juu ya fishi hakubadilisha chochote. Uongo wa fishi ulibaki uongo.

Daktari mkuu wa zoni alinipa barua ya onyo. Hakunifukuza. Lakini barua haikuwa kitu mbele ya kazi iliyonisubiri Jumatatu, Mama wa zoni aliporudi na chanjo mpya na kisanduku cha baridi begani.

"Tutaenda kwa kila mutoto," alisema. "Weye njo utasema. Mi nitasimama nyuma yako."

Nyumba ya kwanza tulimkuta mama anafua. Nilimsalimu, nikaanza kumwambia kwamba zoni imetuma chanjo ya kuongeza nguvu, kwamba ni jambo la kawaida. Nyuma yangu nikasikia sauti yake, ya chini, bila ukali.

"Anzia mwanzo."

Yule mama aliacha kufua, akatuangalia kwa zamu. Nikaanza tena. Nikasema kwamba chanjo niliyompa mtoto wake ilikuwa imeganda, kwamba haikumdhuru lakini pia haikumlinda, kwamba kosa ni langu, na kwamba nimekuja kumchanja upya. Povu lilikuwa linamkauka mikononi.

"Kwa hiyo ile siku alilia bure," alisema.

"Alilia bure, mama."

Akaingia ndani akamleta mtoto. Hakunitukana. Hakuniambia pole pia. Alimshika mtoto nikamchanja, akarudi kwenye beseni lake.

Siku tatu tulizunguka hivyo, kwenye matope, tukipita kando ya mashimo yaliyofunikwa kwa mahema ya plastiki. Baba mmoja alinifukuza uani kwake akisema mtoto wake si panya wa kujaribia dawa. Mama wa zoni alirudi kwake jioni, peke yake, na kesho yake mtoto akaletwa kituoni. Bibi mmoja aliniuliza kama nimekula, akanipa kiti. Ilinitesa kuliko matusi. Kwa mama mmoja kijana, aliyekuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia kwa surua, nilishindwa kumaliza sentensi. Alinisubiri. Aliponyoosha mikono kunipa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa nalia. Yeye alinitazama tu.

Tulipata watoto ishirini. Wa ishirini na moja hatukumpata. Baba yake alikuwa mchimbaji, na nyumba waliyopanga ilikuwa tayari na watu wengine. Jirani mmoja alisema wamekwenda Fungurume, mwingine akasema Likasi. Mama wa zoni aliandika jina la mtoto huyo katika daftari lake, na kwa miezi mingi, kila alipokutana na wenzake wa zoni nyingine, alilisoma. Hakuna aliyemjua. Mimi pia nalijua jina hilo. Kama yuko hai sasa atakuwa amekwisha maliza shule ya msingi.

Nilidhani baada ya hapo hatataka kuniona. Mwisho wa msimu ule wa mvua akaniita ofisini kwake, akaniuliza kama naweza kufuatana naye kila Jumanne katika vituo vingine, nijifunze kazi ya usimamizi. Nikafikiri ananidhihaki.

"Mama, mi? Na ile barua?"

"Njo juu ya ile barua. Weye unajua bongo inaandikwa namna gani. Bengine banajua tu kanuni."

Hivyo, kwa sababu ya barua na ule uongo, ambao kwetu huitwa bongo, nilianza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuangalia kazi ya wengine ni ufundi. Alinifundisha kuuliza "nionyeshe" badala ya "unajua?", kwa sababu kila mtu anajua. Alinifundisha kutazama wino: fishi ya mwezi mzima yenye wino mmoja na mkono uliokandamiza kalamu kwa nguvu ileile, hiyo imeandikwa siku moja, na ya kweli ina madoa, ina kalamu tatu, ina siku moja iliyosahauliwa. Alinifundisha kuanza na kilichofanywa vizuri, na kukisema mbele ya watu, na kusema kosa pembeni. Hatukupokea kitu. Mwuguzi mmoja, kwenye kituo cha barabara ya Fungurume, alitufungia kuku kwenye gari baada ya ukaguzi ambao ulikuwa umekwenda vizuri kabisa. Mama wa zoni alimfungua akamrudisha mwenyewe, akamshukuru yule mwuguzi sana, akamuuliza habari za watoto wake. Garini nilimwambia kwamba kuku yule hakuwa rushwa, kazi yao ilikuwa safi.

"Ndiyo," alisema. "Na siku haitakuwa safi, tutamukumbuka kuku."

Si kwamba tulipatana siku zote. Aliweza kunyamaza safari nzima kwa sababu nimekosea tarehe moja. Alinifanya niandike upya ripoti ya kurasa sita kwa sababu nilitumia neno "wanadai" mahali ambapo ilikuwa "walisema". Wakati mwingine nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nitaacha, na mume wangu, ambaye ni mwalimu, alicheka akasema hata wanafunzi wake husema hivyo. Miaka mitatu ilipita. Nilipewa kiti katika ofisi ya zoni, meza moja na yake, yeye upande wa dirisha.

Ndipo ikaja siku ya materinite.

Ilikuwa nyumba ya uzazi ya mtu binafsi, ndogo, yenye sifa nzuri mtaani. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mkunga wa umri wa Mama wa zoni. Walisoma pamoja shule ya uuguzi, walilala chumba kimoja miaka minne, na mkunga huyo ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Mama wa zoni. Nilikuwa nayajua hayo kwa sababu kila Krismasi nilisikia habari ya mikate waliyooka pamoja. Tulipofika alitupokea kwa kutukumbatia. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya. Vitanda vilikuwa safi.

Katika chumba cha kuzalishia niliomba nionyeshwe vyombo: mikasi ya kukatia kitovu, koleo, sindano za kushonea. Vyombo hivyo hufungwa katika kitambaa na kupikwa kwa mvuke katika sufuria kubwa ya umeme, na juu ya kila furushi hubandikwa utepe wenye mistari ambayo hugeuka kuwa myeusi kama joto limefika. Nilishika furushi la kwanza. Mistari ilikuwa myeupe. La pili, vilevile. Nikaomba kitabu cha kupikia vyombo. Kiliandikwa kila siku, saa na dakika, hata siku za juma lililopita ambapo mtaa mzima haukuwa na umeme, jambo nililolijua kwa maana nyumba yangu iko mtaa uleule.

Nilimgeukia Mama wa zoni. Alikuwa ameona kabla yangu. Alikuwa amekwisha funika kalamu yake na kuiweka mfukoni.

"Mi siwezi kuandika hapa," aliniambia, mbele ya mkunga. "Huyu ni ndugu yangu. Nikiandika mubaya, batasema niliogopa kumupendelea. Nikiandika muzuri, batasema nilimupendelea. Weye njo utaandika. Mi naenda kungoja inje."

"Shi tuko hapa batatu tu, hakuna mwengine mwenye anaona," mkunga alisema. "Ile sufuria iliharibika. Nangoja fundi. Tunachemusha na maji kwanza. Hakuna mama mwenye aligonjwa. Uliza!"

Mama wa zoni alimshika mkono kidogo, akautoa, akaenda nje. Nilimwona kupitia dirishani akikaa kwenye jiwe, mgongo kwetu.

Mkunga akanigeukia. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, na uso wake uliokuwa umetupokea kwa furaha ulikuwa umefunga.

"Na weye," alisema. "Habari ya frigo yako niliisikia. Unakuja kuniandika mi?"

Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na jibu la ukali. Sikulitumia.

"Ndiyo, mama. Ni kweli. Niliandika bongo, na batoto ishirini na moja balipata chanjo yenye ilikufa. Mumoja hatukumuona tena."

Nikaketi kwenye kiti cha chumba kile nikaandika yote: utepe, kitabu, siku za bila umeme, sufuria iliyoharibika, na vilevile vitanda safi, maji ya kunawa, na sabuni iliyokuwapo kila mahali. Kisha nikamsomea, kama nilivyosomewa mimi. Nikamuuliza kama kuna kitu kisicho cha kweli. Alitikisa kichwa, akatia sahihi.

Chumba cha kuzalishia kilifungwa kwa wiki sita. Mtaani watu walisema maneno mengi. Akina mama waliokuwa wamejiandikisha pale walipelekwa kwingine, na mmoja alijifungulia njiani, salama kwa neema ya Mungu, lakini watu walituhesabia sisi. Krismasi iliyofuata hakukuwa na habari ya mikate. Mama wa zoni hakulalamika, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Niliona tu kwamba alizeeka mwaka ule. Siku moja, tukiwa tumekaa mezani, nikamwambia kwamba ningeweza kuandika kwa upole zaidi, nikawapa mwezi mmoja wa kurekebisha kabla ya kufunga.

"Ungeweza?" aliuliza. "Na mama mwenye angezaa kesho yake, ungemuambia nini?"

Hatukulizungumza tena.

Alistaafu, akarudi kwao Sandoa, ambako alikuwa na shamba la mihogo na nyumba aliyoijenga taratibu. Kiti cha dirishani wakanipa mimi. Mwanzoni nilimpigia simu karibu kila wiki. Nilimweleza jambo gumu, nikangoja aniambie la kufanya, naye hakuniambia kamwe. Aliniuliza, "Weye uliona nini?" Nikisema niliyosikia, akauliza tena. Mtandao ulikatika, nikapiga upya, akauliza tena kana kwamba hatukuwa tumekatika. Nilikasirika mara nyingi. Baadaye nikapunguza kupiga, kwa sababu nilikuwa tayari najua atauliza nini.

Habari ya kifo chake nilipewa na mwanawe wa kwanza. Shinikizo la damu, alisema. Alianguka asubuhi akitoka kuteka maji. Mvua zilikuwa zimeharibu njia ya Kasaji, na lori nililopanda lilikaa siku mbili kwenye tope. Nilipofika Sandoa walikuwa wamekwisha mzika. Nilipelekwa kaburini, nikasimama pale kidogo, nikarudi kwenye kilio kama watu wote.

Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanatayarisha chakula. Mmoja alinisogezea kikapu cha sombe, majani ya mihogo, niyaondolee vijiti, na nilipoketi nikaona kwamba anayefanya kazi hiyo upande wa pili wa kikapu ni yule mkunga. Alikuwa amefika siku ya mazishi. Tulisalimiana. Tukachambua majani.

"Nilikuwa najua utakuja," alisema.

"Nilichelewa, mama. Lori ilikwama."

"Shi bote tulichelewa." Akatupa kijiti pembeni. "Alikwambiaka kama alikuwa anakuja kwangu?"

Sikuelewa anasema nini.

"Kiisha kufunga chumba changu. Kila siku ya posho, kila Jumamosi. Hakukuwa na kazi, ni siku yake ya kupumuzika. Wa kwanza nilimufungia mulango. Wa pili vile. Wa tatu aliingia na mulango wa jikoni. Hakunisemesha. Alienda kwa mabinti yangu benye banazalisha, akabafundisha ile sufuria. Namna ya kuifunga, namna ya kuangalia utepe. Namna ya kuandika: leo umeme haiko, hatukupika. Alibaambia baandike vile, bila haya. Wiki sita. Fundi alipokuja, yeye njo alishika taa."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kamwe, miaka yote ile tukiwa meza moja.

"Labda ungeandika," alisema mkunga, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulilegea kidogo, karibu kucheka. Kisha ukarudi ulivyokuwa. "Mi sikumusamehe yote. Nisikudanganye. Aliweza kuniita pembeni ile siku, aniambie dada, funga weye mwenyewe chumba, kabla hatujaandika. Aliacha mutoto wa juzi aniandike. Ile ilinikaa hapa." Akagusa kifua kwa mkono wenye majani. "Lakini mabinti yangu banapika byombo muzuri. Na hakuna mwenye ananidanganya kwa kitabu. Mi najua inatoka wapi."

Nilitaka kumwambia kwamba huenda yeye ana haki, kwamba labda kulikuwa na njia nyingine siku ile ambayo hakuna kati yetu watatu aliyeiona. Sikuwa na uhakika. Hata sasa sina. Nimewafundisha wasimamizi wanne tangu niketi dirishani, na kila mmoja, kwa wakati wake, ameniuliza afanye nini akikuta kosa kwa mtu anayempenda. Nawaambia wafunike kalamu watoke nje, wampishe mwingine. Wakiuliza na baada ya hapo je, nawaambia habari ya siku za posho.

Mwanamke wa jikoni alipaza sauti kwamba watu wa Dilolo wamefika na hawajala tangu jana. Mkunga akasukuma kikapu kwangu, akasimama kwa kushika magoti, akaenda kutafuta kinu. Nikamaliza majani yaliyobaki nikamfuata.